Tiketi Isiyotumika Irudishwe kwa Bei Yake

Machi 8, 2025 mashabiki wa Yanga na Simba walikuwa wamekwisha kulipa viingilio, na wengi wamekwisha kusafiri, ndipo Bodi ya Ligi ilipoahirisha mchezo siku ile ile. Ulichezwa Juni 25, Yanga ikashinda mabao 2-0. Kwa mkazi wa Dar es Salaam huo ulikuwa usumbufu wa jioni moja. Kwa mpenzi wa soka wa Runzewe, wilayani Bukombe, aliye zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, nauli ya pili maana yake ni kuuza magunia mengine ya mahindi.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaijua hali hiyo kila bahari inapochafuka na boti kuzuiwa. Mei 25, 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na RS Berkane ilipopelekwa Amaan, ikawa zamu ya watu wa bara kuvuka maji, tena kuwania viti vichache mno kuliko vile 60,000 vya Mkapa. Siku kama hiyo tiketi ya aliyekwama njiani haikosi mnunuzi. Pasipo utaratibu rasmi, mnunuzi huyo huangukia mikononi mwa mlanguzi, ndugu wa yule tuliyempiga vita mwaka 1983.

Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994, ilifanya kuuza tena tiketi ya soka bila idhini kuwa kosa la jinai. Mwenye tiketi ya msimu huweza kukirudisha kiti kwa klabu yake, akalipwa fungu la mchezo huo. Lakini utaratibu kuwa rasmi hautoshi. Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA ilijiwekea asilimia 15 kwa muuzaji na asilimia 15 nyingine kwa mnunuzi. Huo kwetu ni ulanguzi uliovaa sare.

Tunawaomba wakuu wa michezo, bara na Visiwani, waweke kanuni mapema, kabla klabu zetu hazijazoea kuuza viti vya msimu mzima. Anayerudisha kiti apate kile alichokilipia, bila faida. Anayekichukua alipe bei ya mlangoni na si zaidi. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iwe gharama pekee ya klabu. Mitambo ya N-Card inayoweza kupokea fedha haiwezi kushindwa kuzirudisha. Na mchezo ukiahirishwa na wenye mamlaka wenyewe, mwenye tiketi asiambiwe asubiri mnunuzi: akitaka fedha zake, arudishiwe zote, mara moja.