JE, WAJUA? Mama anayenyonyesha ana haki ya saa 2 kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu amnyonyeshe mtoto kwa hadi saa 2 kila siku, ndani ya saa za kazi.

Siku 84 ni wiki 12 tu, ilhali mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mtoto akiwa mbali, kukamua maziwa huziba pengo hilo. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia kwenye chombo safi chenye kifuniko, kisha mtoto anyweshwe kwa kikombe. Pasipo na joto kali maziwa hukaa kwa muda wa hadi saa 4. Kwenye jokofu, hadi siku 4.

Kwa akina mama wa machimbo ya dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama: mvuke wa zebaki inayotumika kunasia dhahabu huingia mwilini na unaweza kufika kwenye maziwa. Sheria hiyo hiyo inakataza mwajiri kumpa anayenyonyesha kazi ya hatari.

Mwajiri, tenga chumba cha faragha cha kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Mama, dai haki yako.