Kijumwa na Fumo Liyongo: Utunzi wa Hadithi Uliokuja Utu Uzimani

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu huuvuka mto Tana huko Garsen. Kutoka hapo mto huelekea kusini-mashariki, ukipita kati ya mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma, hadi pande za Ozi na Kipini uingiapo baharini. Ni huko ambako mapokeo humweka Fumo Liyongo, na ni huko wenyeji huonyesha kaburi lisemekanalo kuwa lake. Mwanafunzi wa mighani hawezi kukosa kumjua Liyongo. Lakini ni nadra kusikia akiulizwa habari za mtu aliyemtia shujaa huyo katika utenzi unaojulikana zaidi, na ni nadra zaidi kuulizwa mtu huyo alikuwa na umri gani alipofanya hivyo.

Mtu huyo ni Muhamadi bin Abubakari Kijumwa wa Lamu. Inakadiriwa kwamba alizaliwa mnamo 1855, na Utenzi wa Liyongo ni wa mwaka 1913. Basi alikuwa na umri upatao miaka 58, na nyuma yake yamo maisha yasiyofanana na ya mwanachuoni wa kawaida. Alikuwa mchonga milango na masanduku, mwandishi wa hati za Kiarabu zenye mapambo, mtengenezaji na mpigaji wa kinanda, na kiongozi wa ngoma za mashindano ambazo Lamu ilisifika kwazo. Zaidi ya hayo alisuhubiana na wamisionari wa Kizungu, jambo lililomletea lawama mjini mwake.

Ni desturi ya wahakiki kuzitaja kazi hizo kama mapambo ya wasifu, kisha wakaendelea na vina na mizani. Hilo ni kosa. Na litazamwe tukio la gerezani. Liyongo amefungwa minyororo na anasubiri kuuawa. Mamaye anamtumia mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi, waliozoea kujilia chakula kizuri kinacholetwa, wanaudharau mkate wa wishwa na kuupitisha. Naye Liyongo anaomba achezewe gungu kabla ya kufa; na matari na upatu vinapopamba moto, anaikata minyororo bila mlio wa tupa kusikika. Tukio hili halikubuniwa na Kijumwa, kwani limo hata katika hadithi ya nathari aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Lakini katika utenzi ngoma ina uzito wake wote: ombi, maandalizi, vyombo na watu waliosahau kinachotendeka kwa sababu wamenogewa. Aliyeongoza ngoma kwa miaka mingi anajua hasa ni wakati gani hadhira haisikii kitu kingine.

Mwanzo wa utenzi nao unastahili kuangaliwa, hasa na wasomaji wa Tana. Wanakuja Pate wafanyabiashara ambao utenzi unawaita Wagala, jina la kale ambalo wenyewe hawalipendi; ni watu wa jamii kubwa ya Waoromo, ambayo Waorma ni sehemu yake. Wanastaajabia nguvu za Liyongo na kutaka mbegu yake, hivyo anaozwa mke miongoni mwao. Mwana azaliwaye ndiye atakayemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Kifo cha shujaa kimepandwa katika sifa zake za kwanza. Mpangilio huu unataka subira, na huenda kijana mwenye pupa ya kufikia vita asingekuwa nayo.

Atatokea wa kupinga kwamba huo ni utenzi wa mapokeo, si bunilizi. Pingamizi hilo lina haki yake. Lakini hata katika riwaya hali haiko mbali. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Alikuwa na miaka 40 hivi hadithi yake iliposhinda mashindano ya uandishi ya 1957-58. Ikachapishwa 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ni vigumu kumsoma Bwana Msa, apekuaye na kunusa kila pembe, bila kumkumbuka mkaguzi.

Ikiwa ndivyo, basi desturi ya vyama vya wanafunzi kutafuta vipaji miongoni mwa vijana wa vyuoni peke yao ina kasoro. Mpokomo aliyepiga makasia miaka thelathini, au Muorma aliyeswaga ng'ombe katika kiangazi kuelekea mtoni, hafikiwi na mashindano ya insha.

Kijumwa mwenyewe hakukoma. Ernst Dammann alipokuwa Lamu mnamo 1936 na 1937, alimkuta mzee huyo, mwenye miaka 80 hivi, bado ameshika kalamu, akimnakilia tenzi kwa hati yake.