Majani Katika Kidimbwi cha Samaki: Yawe Kiasi Gani?

Tunapotembelea vikundi vya kujisaidia tunaulizwa swali moja mara kwa mara: je, majani ndani ya kidimbwi yanawasaidia samaki au yanawadhuru?

Kikundi kimoja tulichokitembelea kiliyaacha majani yafunike karibu kidimbwi chote, ati ni chakula na tena ni kivuli. Asubuhi moja wanachama walikuta samaki wengi wanaelea, wamekufa. Pesa za karo zilikuwa zinategemea samaki hao. Watu wakaanza kunong'ona kwamba jirani ametia sumu, na kikundi kikakaribia kuvunjika. Kumbe hapakuwa na sumu yoyote. Samaki walikosa hewa.

Inakuwaje? Mchana, kwa nguvu ya jua, mimea ya majini hutoa oksijeni ambayo samaki hupumua. Usiku hakuna jua, basi mimea huacha kuitoa lakini huendelea kuitumia oksijeni hiyo hiyo, pamoja na samaki na takataka zinazooza chini. Kwa hiyo hewa majini huwa kidogo kabisa karibu na mapambazuko. Yale majani yanayoelea ni mabaya zaidi, kwa sababu huzuia jua hata mchana. Wavuvi wa Ghuba ya Winam walijionea taabu ya gugu maji miaka ya 1990. Usilichukue hata moja kulipanda kwako.

Sasa, kiasi gani yatosha? Sisi tunashauri hivi: yasizidi sehemu moja kwa kumi ya kidimbwi. Kama kidimbwi chenu ni mita 20 kwa 15, yaani mita mraba 300, majani yasizidi mita mraba 30. Hiyo ni sawa na kona ya mita 6 kwa 5. Yakizidi hapo, yatoeni.

Mfanye hivi:

1. Ng'oeni kwa mkono, na mizizi yake. Msiyaache yaozee majini, kwa maana kuoza nako kunamaliza oksijeni. Yapelekeni kwenye shimo la mboji.

2. Kingo ziwe na kina cha kutosha. Maji ya chini ya nusu mita hupata jua mpaka chini, na majani huota haraka.

3. Nyasi za ukingoni ziacheni zishike udongo, lakini zikatwe fupi. Kichaka huficha nyoka, na majani ya majini huwapa makao mbu na konokono wa kichocho.

4. Ngege hula majani laini, kama ya viazi vitamu. Yatieni ndani ya fremu ya mianzi inayoelea, na mabaki yaondolewe.

Msisahau kwamba maji yenyewe yanatakiwa kuwa na rangi ya kijani. Rangi hiyo ni mimea midogo sana, nayo ni chakula kizuri cha ngege. Hebu tieni mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikianza kupotea machoni hapo, maji ni mazuri. Mkiviona wazi, ongezeni samadi kidogo. Kiganja kikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, acheni samadi na mwingize maji mapya.

Mwisho, pangeni zamu. Mtu mmoja afike kidimbwini kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Akiona samaki wako juu wanatwetatweta, hewa imepungua. Fungulieni maji mapya mara moja, na siku hiyo msitie chakula wala samadi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kumshuku jirani, nendeni nyote mkapime majani yenu.