Mafiga Yako Usiyatupe

Vijijini akina mama wengi bado wanapikia mafiga matatu. Mafiga hayanunuliwi, lakini yanakula kuni. Upepo unatawanya moto, na joto linapotea bure. Moshi nao unabaki jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani. Anayeuvuta sana ni mama, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Mafiga hayo yanaweza kuwa jiko bora. Chukua udongo wa kichuguu. Uponde, uchanganye na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, uukande kwa maji kidogo. Weka juu ya mafiga sufuria unayopikia kila siku. Jenga ukuta wa udongo kuzunguka mafiga, ufike nusu ya sufuria. Acha mlango mdogo wa kuni. Kati ya ukuta na sufuria acha nafasi ya upana wa kidole, moshi upite. Nafasi ikiwa kubwa, joto linatoroka kama zamani.

Wengi wanaharibu kazi kwa haraka. Jiko bichi likiwashwa linapasuka. Liache likauke kivulini majuma mawili au matatu.

Kuni ziwe kavu na nyembamba. Gogo likikataa kuingia, usipanue mlango. Lipasue. Akina baba, shoka hilo ni lenu.

Moshi utapungua, hautakwisha; fungua dirisha unapopika. Nyufa ndogo zikitokea, zizibe kwa udongo uleule.