Vyumba vya nyumba zetu: nani aliviamua, kutoka Dawida hadi Voi

Kila anayejenga nyumbani akiwa ughaibuni huanza na ramani. Inaingia kwa simu ikiwa imeshapangwa: sebule, chumba cha kulia, jiko la ndani, stoo, vyumba vitatu vya kulala, kimoja kikiwa na choo chake. Tunajadili bei ya saruji na rangi ya mabati mpaka usiku wa manane, lakini vyumba vyenyewe hatuviulizi vilitoka wapi. Na kila ukuta ni uamuzi: nani atakula na nani, nani atalala karibu na nani, mgeni ataishia wapi. Katika kaunti ya Taita Taveta, Kenya, uamuzi huo umehama mikono mara kadhaa tangu miaka ya 1880, na mara nyingi uliwaangukia watu ambao hawakuwa wakilala humo. Historia hiyo inatuhusu sisi tuliotoka, kwa sababu sasa kalamu tumeishika sisi.

Mji mzima ulikuwa nyumba

Milima ya Taita iko katika mafungu matatu: Dawida, Sagalla na Kasigau. Kilele cha Vuria, upande wa Dawida, kina mita 2,208, na mji wa Voi uko chini yake kwa zaidi ya mita 1,500. Huko juu kuna ukungu na baridi, na nyumba ya kale ilijengwa ili kuvikabili: ya duara, ya miti na nyasi, paa likishuka hadi karibu na ardhi. Katikati moto ulikaa kwenye mafiga matatu. Moshi ulipanda wenyewe, ukapenya nyasi za paa, ukazikausha na kufukuza wadudu. Vilivyowekwa darini, mbegu na kuni, vilikauka kwa moshi huo huo. Mbuzi nao walilala ndani, salama na chui na wezi, na joto lao likawafaa wenye nyumba.

Anayeitazama nyumba ile kwa macho ya leo atasema ni chumba kimoja tu. Ukweli ni kwamba kazi za nyumba zilikuwa zimegawanywa vizuri sana, ila mgawanyo wenyewe ulitandazwa mji mzima, yaani makazi yote ya familia. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mafiga yake. Vijana wa kiume wakishakua walihamia kibanda chao. Msichana aliyefikia umri aliwekwa ndani kwa muda, akafundishwa utu uzima na wanawake waliomtangulia. Wazee walikutana nje, mbangara, pombe ya miwa, ikiwa mbele yao, wakaamua mashauri. Juu ya yote kulikuwa na fighi, vichaka vitakatifu vilivyoaminiwa kulinda jamii.

Hata waliokufa walikuwa na mahali pao. Mzee akishazikwa na muda kupita, fuvu lake lilifukuliwa kwa heshima, likapelekwa kwenye pango la ukoo na kupangwa pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Huko ndiko watu walikokwenda kuzungumza nao, mvua ikikawia au ugonjwa ukiingia. Mapango hayo bado yapo, na koo nyingi zinajua lao liko wapi.

Kwa hiyo chumba cha kulala, cha vijana, stoo, baraza la mashauri, mahali pa ibada na mahali pa wafu vyote vilikuwapo. Havikuwa chini ya paa moja, na waliovipanga ni wakaaji wenyewe. Mwenye mafiga ndiye aliyekuwa na neno kuhusu nyumba, na mwenye mafiga alikuwa mama.

Pwani walipanga kwa safu

Ukishuka baharini unakuta fikra nyingine. Nyumba kubwa za mawe za Lamu, nyingi za karne ya 18, zimepangwa kwa safu. Unaanza na daka la mlangoni, mahali pa kumpokea mtu bila kumkaribisha ndani. Unafuata uwanja wa ndani unaoitwa kiwanda, kisha kumbi mbili ndefu ziitwazo misana, zilizo wazi kuelekea mwanga, kisha chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka za kuwekea vyombo vya thamani. Nyuma kabisa iko nyumba ya kati, chumba kidogo kilichohusishwa na kuzaliwa na kuoshwa kwa maiti. Kila hatua ni daraja la ukaribu. Mgeni wa biashara hafiki alikofika shemeji, na shemeji hafiki alikofika binti wa nyumba.

Voi haikupata nyumba za namna hiyo. Ilichopata kutoka Mombasa, pamoja na wafanyabiashara na mafundi, ni ndugu yake mnyenyekevu, yaani nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba pande zote mbili, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Maduka ya Wahindi nayo yalipangwa kwa mantiki ya karibu na hiyo, biashara barabarani na familia nyuma yake. Katika mitindo yote miwili, nyumba ilikuwa na uso wa kuonyesha watu na tumbo la kuficha.

Misheni na reli zaleta pembe nne

Mwaka 1883 mmishenari Mwingereza Joseph Wray wa shirika la CMS (Church Missionary Society) alifungua kituo Sagalla. Mwaka 1892 Wakatoliki wakaanzisha misheni ya Bura. Pamoja na Injili na alfabeti yalikuja majengo ya pembe nne yenye madirisha, na kila kazi na chumba chake: hapa darasa, hapa kanisa, hapa bweni, hapa chumba cha mume na mke mmoja. Mtoto aliyelala bweni Bura alirudi kijijini akiwa na picha nyingine ya nyumba kichwani. Nyumba ya pembe nne ilikuwa pia rahisi kugawanywa kwa kuta, na ilikubali mabati, ambayo paa la duara huyakataa.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia Machi 1898 ilikuwa imeshaipita Voi na kufika Tsavo. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula, hivyo Voi ilijengewa nyumba ya mapumziko kwa mtindo wa India, iliyoitwa dak bangalo. Abiria walioondoka Mombasa mchana walishuka hapo kula chakula cha jioni. Mtu anaweza kusema kwamba chumba cha kulia cha kwanza cha Voi kujulikana mbali kilikuwa cha watu waliokuwa njiani kwenda kwingine.

Wafanyakazi wa reli walipewa landi, vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, kila mlango na mtu wake. Ndani ya chumba hicho kimoja ulilala, ukapika na kuhifadhi mali yako. Huku si kurudi kwenye nyumba ya Dawida, ingawa hesabu ya vyumba ni ile ile. Ile ilikuwa na mji wote kama nyongeza yake. Landi haikuwa na nyongeza yoyote, kwa sababu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mwanamume asiye na familia, ambaye mke na watoto wake walipaswa kubaki kijijini. Chumba chenyewe ndicho kilichotekeleza sera hiyo. Kambi za mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta zilifuata hesabu hiyo hiyo. Na huko Taveta, katika miaka ya 1930, Ewart Grogan, mwenye mashamba, alijijengea jumba juu ya kilima, akiwa na upeo mzima wa mkonge mbele yake. Anayetaka kuelewa ukoloni bila kufungua kitabu na aweke ramani ya jumba lile kando ya ramani ya kambi.

Watu hawakunyamaza. Mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939 ulilazimisha serikali kuunda tume, na makazi yalikuwa miongoni mwa malalamiko makuu. Alama ya vuta nikuvute hiyo imebaki kwenye sheria mpaka leo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au pesa za kutosha kulipia kodi. Ndugu yako anapopokea marupurupu ya nyumba kwenye mshahara wake, historia ya landi imo humo.

Ulaya nayo haikuzaliwa na korido

Wengi wetu tunadhani vyumba vilivyotengana ni maumbile ya Mzungu. Sivyo. Katika Uingereza ya kale, ukumbi mmoja mkubwa wenye moto ulikuwa mahali pa kula, pa kuamulia kesi na pa kulala watumishi. Nyumba za wenye mali ziliendelea kwa karne nyingi kuwa na vyumba vinavyofunguana, ukipita cha huyu kwenda cha yule. Ukumbi mwembamba wa kupitia unaanza kuonekana kwenye ramani za London karibu na mwaka 1597. Ulimwezesha bwana kukaa bila kupitiwa, na mtumishi kufanya kazi bila kuonekana.

Mfano wa pili uko Ujerumani, na kwangu ndio wenye mafunzo zaidi. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt, lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alipima hatua za mpishi, akachunguza majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, akaweka kila kitu mahali pa kufikiwa na mkono. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Nia ilikuwa njema, kumpunguzia mwanamke uchovu. Lakini jiko lilimtosha mtu mmoja tu, na mtu huyo akabaki peke yake nyuma ya ukuta.

Mpango huo wa nyumba za Frankfurt uliongozwa na Ernst May. Mwaka 1934 alihamia Afrika Mashariki, akalima kahawa Tanganyika, kisha akarudia usanifu Nairobi na Kampala. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake. Fikra kuhusu vyumba husafiri kwa watu wa namna hiyo, na zikifika huwa hazitaji zilikotoka.

Voi ya leo

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti watu 340,671, na mji wa Voi pekee zaidi ya 53,000. Tangu treni ya reli mpya ya SGR ianze kusimama Voi mwaka 2017, na kwa kuwa wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa mbuga wanahitaji pa kulala, nyumba za kupanga zimeongezeka. Mwenye ploti hujenga bedsita, jiko na kitanda vikitazamana, choo pembeni, ili apate milango mingi ya kodi. Ni landi iliyopewa vigae. Katika nyumba za Kiswahili za Sofia na Kaloleni, kila chumba kina familia yake, na uani ndipo wanapokutana wote kufua, kupika na kuwatazamia wenzao watoto. Uani huo unafanya kazi ya vyumba vitatu, na hauandikwi kwenye mkataba wa nyumba.

Nyumba tunazojenga kutoka ughaibuni zina hadithi nyingine. Zina sebule kubwa yenye makochi yaliyofunikwa, na jiko la ndani lenye makabati yanayong'aa. Ndani ya mwaka mmoja, nyuma ya nyumba hutokea banda la mabati lenye mafiga matatu. Huko ndiko kimanga kinakopondwa, ndiko maharagwe yanakochemka nusu siku bila kumaliza gesi, ndiko shangazi na wakwe wanakokaa wakati wa matanga. Si ushamba. Jiko la ndani lilichorwa kwa mpishi mmoja na sufuria ndogo, na familia yetu ikikutana haipiki hivyo.

Kabla hujatuma pesa ya msingi

Nimesimulia yote haya kwa sababu naona hatari ya sisi kuwa mkono mwingine unaoamua kutoka mbali. Reli iliamua kutoka Mombasa, misheni ikaamua kutoka London na Paris, na sasa sisi tunaamua kutoka Frankfurt, Dubai au Minneapolis, tukiwa na mapenzi mengi na habari chache.

Basi piga simu kabla ya kukubali ramani. Muulize mama, au yeyote atakayekaa humo siku zote, anapika nini, kwa moto gani, na akiwa na nani. Jiko la kuni au makaa liingie kwenye ramani tangu mwanzo, liwe na paa zuri, sehemu ya kutokea moshi, maji na taa, lisingojee kuwa banda. Uliza matanga na harusi zitakaa wapi. Kivuli kipana na varanda ya kutosha huenda vikafaa kuliko chumba cha nne. Kwa nyumba ya Voi, kwenye joto, madirisha yatazamane ili upepo upite. Kwa nyumba ya Wundanyi au Werugha, huko milimani kwenye baridi, fikiria jinsi ya kutunza joto usiku. Chumba cha wazee kiwe chini, karibu na choo, mlango wake upitishe kiti cha magurudumu. Na kijana wa kiume, ambaye zamani angepewa kibanda chake, naye apate mlango wa heshima, kwa sababu haja hiyo haikufa pamoja na nyasi za paa.

Fundi mzuri atachora chochote utakachomwambia. Mpe majina ya watu na kazi zao za kila siku kabla ya kumpa idadi ya vyumba, nao watakaolala humo wawe wa kwanza kuiona ramani na wa mwisho kuikubali.