Kuanza na Gentoo, Linux Inayojengwa kutoka Msimbo Chanzo

Gentoo ni distro ya Linux inayompa mtumiaji msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na watungaji wake, kisha kompyuta yake mwenyewe ikaukompaili kwa masharti aliyoyaweka. Ubuntu na Fedora hufanya kazi hiyo mapema kwenye seva zao, na kila anayesakinisha hupata nakala ileile. Daniel Robbins aliianza Gentoo kwa jina la Enoch, na toleo la 1.0 likatoka Machi 2002. Wazo kuu aliliazima kutoka FreeBSD, ambako watumiaji walikuwa wamezoea kujijengea programu.

Moyo wa Gentoo ni Portage, meneja wake wa vifurushi. Kila programu ina faili fupi liitwalo ebuild, linaloeleza msimbo unapatikana wapi, unategemea programu zipi nyingine, na unajengwa kwa hatua gani. Mtumiaji huandika emerge na jina la programu. Portage hutafuta vitegemezi vyote, hupakua, hukompaili na kusakinisha.

Wengi huvutwa na sifa ya kasi. Sifa hiyo imetiwa chumvi. Ni kweli kwamba agizo -march=native huiambia kompaila itumie uwezo wote wa prosesa iliyopo, lakini katika kazi za kawaida, kama kuandika barua au kuvinjari intaneti, tofauti ni vigumu kuiona kwa macho. Faida halisi ipo kwenye swichi za USE. Programu nyingi zina sehemu za hiari: kuchapisha, Bluetooth, picha za dirishani, aina fulani za sauti. Anayejenga seva isiyo na skrini huandika USE="-X -cups -bluetooth" katika faili la /etc/portage/make.conf, na sehemu hizo hazijengwi kabisa pale zilipo za hiari, wala vitegemezi vyake haviingii kwenye diski. Swichi ya programu moja tu huwekwa katika /etc/portage/package.use. Hapo ndipo wageni hujikwaa: huandika orodha ndefu ya swichi siku ya kwanza, nusu yake wasijue maana, kisha Portage ikalalamika kwamba masharti yanagongana. Ni busara kuanza na swichi zinazokuja na profaili, yaani mpangilio wa msingi unaochaguliwa wakati wa kusakinisha, na kubadilisha moja baada ya nyingine haja inapojitokeza.

Usakinishaji hauna vitufe vya "endelea". Kompyuta huwashwa kwa flashi, diski hugawanywa, kisha hupakuliwa faili liitwalo stage 3, lenye mfumo mdogo uliokwisha kukompailiwa. Likishafunguliwa kwenye diski, mtumiaji huingia ndani ya mfumo huo mpya kwa amri ya chroot, ingawa kompyuta bado inaendeshwa na flashi. Amri ya emerge-webrsync huleta orodha ya ebuild zote. Hufuata kuchagua profaili, kerneli (kiini cha mfumo), faili la /etc/fstab, nywila ya msimamizi, na programu ya kuwashia mfumo kama GRUB. Kitabu rasmi cha mwongozo huyapanga haya yote kwa utaratibu, na hakuna sababu ya kukiruka.

Maamuzi mawili yanataka utulivu. La kwanza ni kati ya OpenRC na systemd, mifumo miwili ya kuanzisha huduma. Yoyote inafaa, ila kuhama baadaye ni usumbufu. La pili ni kerneli. Zamani wengi waliipanga kwa mkono kupitia menyu zenye maelfu ya machaguo, na aliyesahau dereva wa diski yake alikuta mfumo unagoma kuwaka. Siku hizi kifurushi cha gentoo-kernel-bin huleta kerneli iliyo tayari, na anayeanza hapungukiwi kitu kwa kuitumia. Hata mfumo ukigoma, hakuna haja ya kuanza upya: huwashwa flashi, huingiwa tena kwa chroot, na kosa likarekebishwa.

Gharama kubwa ni muda. Programu ndogo hujengwa kwa dakika chache, lakini Chromium au LibreOffice inaweza kuila mashine ya zamani saa nyingi. Kumbukumbu nayo ina kikomo chake: mwongozo unashauri takriban GB 2 za RAM kwa kila kazi inayoendeshwa sambamba, hivyo kompyuta ya GB 8 huwekewa MAKEOPTS="-j4" hata kama prosesa ina nyuzi nyingi zaidi. Penye intaneti ya kulipia kwa bando, amri ya emerge --fetchonly hupakua misimbo yote kwanza, na ujenzi ukafanyika baadaye bila mtandao. Umeme ukikatika, emerge --resume huendelea na orodha iliyobaki, ingawa programu iliyokuwa mikononi huanza upya. Tangu Desemba 2023 mradi hutoa pia vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa kwa prosesa za amd64 na arm64. Swichi za mtumiaji zikitofautiana na zilizotumika kuvijenga, Portage hurudi kwenye msimbo.

Gentoo haina matoleo ya kila mwaka. Husasishwa mfululizo kwa emerge --sync, kisha emerge --ask --update --deep --newuse @world. Kufanya hivyo kila wiki au mbili ni kazi nyepesi. Kuuacha mfumo mwaka mzima huzaa mafundo ya vitegemezi, hasa Python inapobadilisha toleo. Kabla ya kusasisha husomwa taarifa za eselect news, na baada yake dispatch-conf huonyesha mabadiliko ya mafaili ya mipangilio, kwa kuwa Portage haiyafuti ya mtumiaji bila ridhaa. Mabaki huondolewa kwa emerge --depclean. Amri hiyo huondoa kila kisichoombwa na mtumiaji wala kuhitajiwa na programu nyingine, pamoja na kerneli za zamani, kwa hiyo orodha yake husomwa kwanza kwa kuongeza --pretend.