Kuelekeza Mkondo wa Data: Funzo la Lango la Kiwanda

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika taaluma ya TEKNOHAMA, wengi hudhani kuwa dawa ya mtandao uliolemewa ni kuongeza mitambo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa huko ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu zaidi, ni kuamua data ipi ipitie wapi.

Kazi pepe za mtandao

Data husafiri ikiwa imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Njiani, pakiti hupitia vituo kadhaa, kwa mfano ngome inayowazuia wavamizi. Hapo awali, kila kituo kilikuwa mtambo maalumu wa gharama kubwa. Mnamo Oktoba 2012, kampuni kadhaa za simu, zikiwemo BT, AT&T na Deutsche Telekom, zilitoa waraka mjini Darmstadt, Ujerumani, zikipendekeza kazi hizo zifanywe na programu katika kompyuta za kawaida. Kama vile barua isiyo na karatasi ilivyoitwa barua pepe, nasi twaweza kuziita kazi hizi kazi pepe za mtandao. Msongamano ukizidi, nakala nyingine ya programu huwashwa, ukipungua, huzimwa.

Mwezi uliofuata, barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilizinduliwa rasmi baada ya kupanuliwa. Waipitiao Ruiru kila siku wanajua kuwa wingi wa njia haufai kitu pasipo utaratibu wa kuingia na kutoka.

Karani na daftari lake

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa kubuni wa kiwanda cha mananasi katika Eneo la Viwanda la Thika. Lori liingiapo, karani wa lango hulipima na kuandika uzito daftarini. Litokapo likiwa tupu, hulipima tena, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo malipo ya mkulima. Msimu wa mavuno, foleni inafika barabarani. Meneja anafungua malango mengine mawili, kila moja na karani wake na daftari lake. Lori lililoingilia lango la kwanza likielekezwa kutokea la tatu, karani wa huko hana habari nalo. Atalizuia, na mkulima atakosa haki yake.

Ngome ya mtandao ndiye karani huyo. Hukumbuka mawasiliano yaliyoanzia kwake. Pakiti ya katikati ya mawasiliano ikipelekwa kwa nakala ngeni, hutupwa. Na mwanafunzi aliye katikati ya mtihani wa mtandaoni hukatiwa mawasiliano.

Njia za kuelekeza

Kwanza, kuna hesabu. Kielekezi huzigeuza anwani za mtumaji na mpokeaji kuwa nambari moja, kisha huigawanya kwa idadi ya nakala. Baki huonyesha nakala ya kutumiwa. Pakiti za mawasiliano yale yale hupata baki lile lile. Hata hivyo, nakala zikiongezwa kutoka 3 hadi 4, kati ya nambari 0 hadi 11 ni 3 tu zitakazobaki zilipokuwa, 9 zitahama. Mnamo 1997, David Karger na wenzake wa MIT walieleza mbinu ambayo kwayo, kwa wastani, ni 3 tu kati ya 12 zingehama.

Pili, mawasiliano yaliyokwisha kuanza huachwa yalipo, na mapya pekee hupelekwa kwa nakala mpya. Njia hii ni salama, lakini nakala iliyolemewa hupata nafuu polepole.

Tatu, ukurasa wa daftari huhamishwa pamoja na lori lake, au makarani wote hutumia daftari moja. Hapa gharama ni muda: pakiti husubiri ukurasa ufike, au hupanga foleni mbele ya daftari hilo moja.

Hitimisho

Hakuna njia isiyo na gharama. Hata kupunguza nakala kwahitaji subira: lango halifungwi kabla ya lori lake la mwisho kutoka. Aidha, ikiwa karani, lango na daftari vimetosha kulieleza jambo hili, basi wanaodai kuwa Kiswahili hakimudu sayansi hawajakijaribu. Ni jukumu letu wanachama kukijaribu.